Mwongozo Kamili wa Kufuatilia Ukuaji wa Mtoto Tumboni kwa Mama Mwenye Mimba ya Hatari

Katika kazi yangu ya ukunga hapa Tanga, akina mama wengi ninaowapokea wakiwa wamechelewa walikuwa wamepimwa, tena zaidi ya mara moja. Mama anakuja na karatasi tatu za ultrasaundi kutoka vituo vitatu, kila karatasi ina tarehe yake ya kujifungua, naye anaifuata ile ya mwisho kwa sababu ndiyo mpya. Mtoto aliyechelewa kukua kwa wiki tatu anahesabiwa kuwa na umri mdogo kwa wiki tatu, tarehe inasogezwa mbele, na familia inarudi nyumbani na utulivu usio na msingi.

Nimeandika mwongozo huu ili kosa hilo likome. Kipimo kimoja, hata kikiwa cha mashine nzuri, hueleza ukubwa wa mtoto siku hiyo tu. Ukuaji huonekana pale vipimo viwili, vitatu au vinne vinapopangwa juu ya tarehe moja isiyohamahama, na mtu wa kwanza wa kuilinda tarehe hiyo ni wewe mwenyewe, mama.

## Unamhusu nani

Unakuhusu ikiwa una presha iliyokuwapo kabla ya mimba au iliyopanda ukiwa mjamzito, kisukari, seli mundu, ugonjwa wa moyo au wa figo, maambukizi ya VVU, upungufu mkubwa wa damu, au mimba ya mapacha. Unakuhusu pia ikiwa uliwahi kupata kifafa cha mimba, uliwahi kuzaa mtoto wa chini ya kilo 2.5 ilhali mimba ilikuwa imetimia, au uliwahi kupoteza mtoto akiwa tumboni. Mama aliye chini ya miaka 18, aliyevuka miaka 40 na anayevuta sigara nao wamo.

Katika hali hizi kondo la nyuma, ambalo ndilo linalompa mtoto chakula na hewa, linaweza kudhoofika kidogo kidogo bila mama kuhisi maumivu yoyote. Kwa hiyo kujisikia vizuri hakutoshi kuwa ushahidi kwamba mtoto anakua.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kadi ya kliniki ya mama mjamzito, ambayo utakwenda nayo kila mahali, hata ukienda msibani Pangani kwa siku mbili.
- Daftari la hesabu lenye miraba, lile la watoto wa shule, pamoja na kalamu mbili, nyekundu na ya bluu.
- Kalenda ya ukutani, ikiwezekana yenye miezi ya Kiislamu pembeni. Sababu yake utaiona katika hatua ya 1.
- Bahasha ya plastiki ya kuhifadhia karatasi za ultrasaundi. Picha nyingi huchapishwa kwenye karatasi inayofifia kwa joto na mwanga, na joto la mji wetu halina huruma. Nakili namba zake kwenye daftari siku ileile.
- Mashine ya presha ya kufunga mkono wa juu, kama unaimudu. Kama huimudu, zahanati iliyo karibu itakupimia.
- Akiba ya nauli isiyoguswa kwa jambo lingine, na namba 115 iliyoandikwa kwenye jalada la daftari. Hiyo ni namba ya bure ya mfumo wa m-mama, unaompatia mjamzito au mzazi usafiri wa dharura.

Futi kamba ya fundi cherehani haihitajiki nyumbani. Nitaeleza kwa nini.

## Hatua ya 1: Funga tarehe ya mimba, na usiifungue tena

Hatua hii ndiyo nguzo ya nyingine zote, kwa hiyo ifanye bila haraka.

Tafuta siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, yaani siku damu ilipoanza, wala si siku ilipokoma. Wanawake wengi wa pwani hawakumbuki tarehe bali tukio: ilikuwa siku ya pili ya Idi, ilikuwa wiki ya Maulidi, ilikuwa shule zimefunguliwa juzi. Kumbukumbu ya namna hiyo ni ya thamani. Kaa na dada yako au mwenzi wako mbele ya kalenda, mlitafute tukio hilo, mhesabu siku mbele au nyuma mpaka mpate tarehe.

Ukiipata, ongeza siku 7, kisha songa mbele miezi 9. Hedhi iliyoanza tarehe 10 Januari inatoa tarehe ya matarajio ya 17 Oktoba, ambazo ni siku 280 au wiki 40. Kama tarehe 10 Januari ilikuwa Jumamosi, basi kila Jumamosi unaanza wiki mpya. Katika mwaka wa kawaida, wiki 12 zitatimia tarehe 4 Aprili, wiki 28 tarehe 25 Julai, na wiki 36 tarehe 19 Septemba. Ziandike wiki zote kwenye kalenda kwa kalamu ya bluu.

Kisha ithibitishe tarehe hiyo kwa ultrasaundi ya mapema. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apimwe ultrasaundi mara moja kabla ya wiki ya 24, lakini kwa mimba ya hatari ninakusihi uipate kabla ya wiki ya 14. Katika wiki hizo watoto karibu wote hulingana ukubwa, hivyo kosa la mashine huwa ni la siku 5 hadi 7 tu.

Ni muhimu uelewe mashine inafanya nini. Mashine haioni umri wa mtoto. Inapima urefu wa mwili au wa mfupa, mzingo wa kichwa na mzingo wa tumbo, kisha inatafuta mtoto wa wastani mwenye vipimo kama hivyo huwa na wiki ngapi. Mapema jibu hilo ni sahihi. Kuanzia wiki ya 28 linaweza kupotoka kwa wiki tatu nzima, kwa sababu wakati huo wapo watoto wakubwa na wapo wadogo, na mtoto anayenyimwa chakula na kondo dhaifu ataonekana mbele ya mashine kama mtoto mwenye umri mdogo.

Kanuni ni hii. Kama ultrasaundi ya kabla ya wiki ya 16 inatofautiana na hesabu ya hedhi kwa siku 7 au pungufu, fuata hedhi. Ikizidi siku 7, fuata ultrasaundi hiyo. Kati ya wiki ya 16 na ya 21, mpaka ni siku 10. Mkunga au daktari akishakubaliana nawe, iandike tarehe hiyo kwa kalamu nyekundu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari na umwombe aiandike kwenye kadi. Hapo tarehe imefungwa.

Onyo: ultrasaundi yoyote ya baadaye itakuletea tarehe nyingine. Usiifuate. Inakueleza ukubwa wa mtoto siku hiyo, basi.

Nimewahi kumpokea mama kutoka kijiji cha wavuvi kusini mwa mji, mwenye presha, ambaye tarehe yake iliyofungwa ilisema wiki 34 ilhali karatasi mpya ilisema wiki 31. Mahali fulani alikuwa ameambiwa kwamba amekosea hedhi. Yeye akafungua daftari akanionyesha kipimo cha wiki ya 10. Mtoto alikuwa na umri wa wiki 34 na mwili wa wiki 31, na kwa sababu ya ukurasa ule alilazwa siku ileile. Mtoto alizaliwa na kilo 1 na gramu 700, akalia.

Ukifanikiwa: ukiulizwa una wiki ngapi, utajibu bila kutazama karatasi ya ultrasaundi, na jibu lako litakuwa sawa na la kwenye kadi.

Kama umechelewa: ikiwa ultrasaundi yako ya kwanza ni ya baada ya wiki 24 na hedhi huikumbuki kabisa, mwambie daktari waziwazi kwamba tarehe haina uhakika. Atataka kipimo kingine baada ya wiki tatu hivi, ili aangalie mwendo wa kukua badala ya ukubwa wa siku moja.

## Hatua ya 2: Chora chati yako kwenye miraba

Fungua kurasa mbili zinazotazamana. Chini, kwa mlalo, andika wiki kuanzia 24 hadi 40, kila wiki mraba mmoja. Pembeni, kwa wima, andika sentimita za kimo cha mfuko wa uzazi kuanzia 20 hadi 42.

Sasa chora mistari mitatu. Mstari wa kati unaanza wiki 24 na sentimita 24, unapanda hadi wiki 36 na sentimita 36. Mstari wa chini unaanza wiki 24 na sentimita 22, unafika wiki 36 na sentimita 34. Wa juu unaanza sentimita 26 na kufika 38.

Sababu ya mistari hiyo ni kwamba kuanzia wiki ya 24, kimo cha mfuko wa uzazi kwa sentimita hukaribiana na idadi ya wiki za mimba, na tofauti ya sentimita 2 juu au chini huhesabiwa kuwa ya kawaida. Baada ya wiki ya 36 mtoto anaweza kushuka kuelekea nyonga na kimo kikapungua kidogo, ndiyo maana mistari inaishia pale.

Kila utakaporudi kliniki, weka nukta moja. Hiyo tu.

## Hatua ya 3: Hakikisha kimo kinapimwa na kuandikwa kwa sentimita

Ratiba ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016 ina mahudhurio yasiyopungua 8: mara moja kabla ya wiki ya 12 kwisha, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Mimba ya hatari huhitaji zaidi ya hapo, na daktari ndiye atakayepanga.

Kabla ya kupanda kitandani, nenda haja ndogo. Kibofu kilichojaa husukuma mfuko wa uzazi juu na kuongeza sentimita zisizokuwapo. Lala chali, kichwa kikiwa kimeinuliwa kidogo, miguu ikiwa imenyooka. Mkunga atapapasa sehemu ya juu kabisa ya mfuko, ataweka futi kamba hapo na kuishusha hadi mfupa wa kinena. Wakunga makini hugeuza futi upande usio na namba wakati wa kupima, wakazisoma baadaye, ili macho yasiwaongoze kuona namba wanayoitarajia.

Baadhi ya kadi hujazwa kwa wiki badala ya sentimita, na wakati mwingine namba hunakiliwa tu kutoka kwenye hesabu ya tarehe. Kimo kilichonakiliwa hakimsaidii mtu. Sema kwa adabu: «Samahani sista, naomba unisomee kimo kwa sentimita niandike kwenye daftari langu.» Sijamwona mkunga mwenye moyo wa kazi aliyekasirikia ombi hilo. Ikiwezekana, pimwa na mtu yuleyule kila mara, maana mikono miwili tofauti inaweza kupishana kwa sentimita moja au mbili juu ya tumbo lilelile.

Ukifanikiwa: nukta zinapanda kwa takriban sentimita moja kila wiki na kubaki kati ya mstari wa chini na wa juu. Nukta zinazotembea karibu na mstari wa chini lakini kwa mwendo wa kudumu hazitishi kama nukta zilizoanzia katikati kisha zikalala.

Dalili ya kuchukua hatua: nukta imetoka nje ya mistari, au mahudhurio mawili yaliyopishana kwa wiki mbili au zaidi yametoa kimo kilekile. Omba upimwe tena papo hapo, kibofu kikiwa kitupu; jibu likibaki lilelile, omba rufaa ya ultrasaundi ndani ya siku chache.

Maonyo mawili. La kwanza, futi kamba haiaminiki kwa mama mwenye mapacha, mwenye uvimbe kwenye kizazi, mwenye unene mkubwa, au ambaye mtoto wake amelala mlazo. Hao wategemee ultrasaundi. La pili, usijipime nyumbani, na usimruhusu mtu yeyote akukande tumbo kwa nia ya kumgeuza mtoto au kumpima. Najua desturi hii inafanywa kwa upendo, na mara nyingi na bibi tunaowaheshimu, lakini kukandwa kwa nguvu kunaweza kulibandua kondo kutoka kwenye ukuta wa mfuko, na damu inayomwagika hapo huua wawili.

## Hatua ya 4: Pima ultrasaundi za ukuaji kwa mpango

Katika mimba ya hatari, ultrasaundi za ukuaji kwa kawaida huanza kati ya wiki ya 26 na ya 28, zikirudiwa kila baada ya wiki 3 au 4. Mtoto akishagundulika kuwa mdogo, hurudiwa kila baada ya wiki 2. Kwa mapacha, kipimo cha kabla ya wiki ya 14 kina kazi ya ziada ya kuonyesha kama wanatumia kondo moja au mawili: wanaotumia kondo moja hupimwa kila wiki mbili kuanzia wiki ya 16, kwa sababu damu ya mmoja inaweza kuhamia kwa mwenzake.

Usipime kila wiki kwa wasiwasi. Uzito unaokadiriwa na mashine hupotoka kwa asilimia 10 hadi 15, kwa hiyo mtoto wa kilo 2 anaweza kusomwa kilo 1.7 au kilo 2.3. Ukipima baada ya siku 7, utaona makosa ya mashine badala ya ukuaji wa mtoto. Pima mahali palepale kama inawezekana, na ufike na daftari lako ili mpimaji aijue tarehe iliyofungwa kabla hajaanza.

Herufi utakazoziona kwenye karatasi zina maana hizi. BPD ni upana wa kichwa, HC ni mzingo wa kichwa, AC ni mzingo wa tumbo, na FL ni urefu wa mfupa wa paja. EFW ni uzito unaokadiriwa. AFI ni kiasi cha maji ya uzazi. GA na EDD ni umri na tarehe ambazo mashine imezikisia siku hiyo, na mbili hizi ndizo utakazozisoma bila kuzifuata.

Katika hizo zote, iangalie AC kwa makini zaidi. Mtoto anaponyimwa chakula, mwili wake hupeleka damu kwenye ubongo kwanza na kutumia akiba iliyomo kwenye ini, kwa hiyo tumbo husinyaa wakati kichwa bado kinakua vizuri. Karatasi inayosema kichwa kina wiki 33 na tumbo wiki 29 inahitaji jicho la daktari bingwa, hata kama wastani wake unaonekana wa kuridhisha.

Kwa uzito, chati zinazotumika sana zinamweka mtoto wa wastani karibu na kilo 1 na gramu 200 wiki ya 28, kilo 2 na gramu 300 hivi wiki ya 34, na kilo 2 na gramu 800 hivi wiki ya 36. Usiogope kwa kuwa chini ya wastani, maana nusu ya watoto wako chini yake. Uliza swali hili: «Daktari, kwa tarehe yangu iliyofungwa, mtoto yuko mstari wa ngapi kwenye chati ya uzito, na mara iliyopita alikuwa wa ngapi?» Mstari wa 10 maana yake ni kwamba katika watoto 100 wa umri huo, 10 tu ndio wadogo kuliko yeye. Aliye chini ya mstari wa 10 anahitaji uangalizi wa karibu. Aliye chini ya mstari wa 3 ana hatari kubwa. Na aliyekuwa mstari wa 60 akashuka hadi wa 12 naye asiachwe, ingawa hajavuka mpaka. Chati hizi si za kigeni zote: utafiti uliofanyika Korogwe, ndani ya mkoa wetu, na kuchapishwa mwaka 2012 ulitengeneza chati ya uzito wa mtoto tumboni kwa kuwafuatilia wajawazito wa huko kwa ultrasaundi.

Vitu vingine viwili vya kuuliza ni maji na mtiririko wa damu. Maji yanahesabiwa kuwa machache pale dimbwi lenye kina kuliko yote lina chini ya sentimita 2, au AFI ikiwa chini ya 5. Mtiririko wa damu kwenye mshipa wa kitovu hupimwa kwa doppla, ambayo hupatikana katika hospitali kubwa. Kwa mtoto mwenye afya damu huendelea kutiririka hata moyo wake unapopumzika kati ya pigo na pigo. Damu ikisimama au ikirudi nyuma katika nafasi hiyo, mama hulazwa siku hiyohiyo.

Mtoto anaweza pia kuwa mkubwa kupita kiasi, hasa kwa mama mwenye kisukari. Nukta zitavuka mstari wa juu, AC itakuwa kubwa na maji yatakuwa mengi. Hilo nalo ni la daktari, na mara nyingi jibu lake linaanzia kwenye kudhibiti sukari ya mama.

Neno moja kuhusu matumizi ya fedha. Fedha ya kwenda kutazama jinsia tu, iweke akiba kwa ajili ya kipimo cha wiki ya 32.

Ukifanikiwa: una vipimo visivyopungua vitatu baada ya wiki ya 26, vimeandikwa kwenye ukurasa mmoja, na uzito unapanda ukifuata karibu mstari uleule.

## Hatua ya 5: Jua namna mtoto wako anavyocheza

Mama wengi huanza kuhisi mtoto kati ya wiki ya 16 na ya 24. Kuanzia wiki ya 28, chagua saa ambayo mtoto wako huwa mchangamfu, kwa wengi ni baada ya chakula cha usiku. Lala kwa ubavu wa kushoto, weka simu mbali, na hesabu kila teke, kila kujigeuza, kila msukumo. Kwikwi usizihesabu. Andika ulianza saa ngapi na ulifika 10 saa ngapi.

Watoto wengi hufika 10 ndani ya saa moja. Mtoto hulala kwa dakika 20 hadi 40, mara chache akafika 90, ndiyo maana tunampa saa mbili. Saa mbili zikipita bila kufika 10, nenda hospitali wakati huo huo, hata kama ni saa nane ya usiku. Nenda pia ikiwa hesabu imetimia lakini moyo wako unakuambia kwamba uchezaji umebadilika, umekuwa dhaifu au wa kusitasita. Kuhesabu peke yake hakumwokoi mtoto. Kinachomsaidia ni mama kwenda mapema na kupimwa.

Yapo maneno ninayoyasikia Ngamiani, Makorora na vijijini ambayo ninaomba tuyaache. Inasemwa kwamba mtoto hupunguza kucheza anapokaribia kuzaliwa kwa sababu nafasi imekwisha. Mateke yanaweza kuwa ya kusukuma zaidi kuliko ya kurusha, lakini idadi haipaswi kupungua. Inasemwa unywe soda baridi usubiri. Usisubiri. Na katika mwezi wa Ramadhani, usingoje futari ili uone kama atacheza akishapata chakula. Mama mjamzito anayehofia afya yake au ya mtoto amepewa ruhusa ya kutofunga, na mwenye mimba ya hatari azungumze na daktari wake kabla mwezi haujaandama.

Vifaa vya kusikilizia moyo wa mtoto nyumbani vinadanganya, kwa sababu asiyefundishwa anaweza kusikia mapigo ya mshipa wake mwenyewe, au ya kondo, akatulia. Moyo wa mtoto hupiga kati ya mara 110 na 160 kwa dakika, na kuutafuta ni kazi ya mkunga.

Kuanzia wiki ya 28, lala kwa ubavu badala ya chali. Ukizinduka usiku umelala chali, geuka tu, uendelee kulala.

## Hatua ya 6: Pima afya yako, kwa sababu ndiyo shamba la mtoto

Presha ipimwe ukiwa umekaa na kupumzika dakika tano, mgongo umeegemea, mkono ukiwa usawa wa moyo. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, rudia baada ya muda mfupi, na kikibaki hivyo nenda kituoni siku hiyo. Kipimo cha 160 kwa 110 au zaidi ni dharura. Mkojo upimwe protini kila hudhurio.

Wingi wa damu usiwe chini ya gramu 11 kwa desilita. Meza vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi kila siku, lakini si pamoja na chai, kwa sababu chai huzuia madini hayo kufyonzwa. Kama unatamani udongo, sema bila aibu. Mara nyingi ni dalili kwamba damu imepungua.

Malaria ninaitaja kwa mkazo, kwa sababu ukanda wetu wa pwani una mbu mwaka mzima. Vimelea hujificha ndani ya kondo na kubana njia ya chakula cha mtoto, wakati mwingine bila mama kupata hata homa. Lala ndani ya chandarua, na meza kliniki dozi za SP, dawa ya kuzuia malaria, kuanzia wiki ya 13, zikipishana kwa mwezi mmoja au zaidi, zisizopungua tatu. Mama anayetumia kotrimoksazoli, dawa ambayo mara nyingi hupewa wenye VVU, hapewi SP, kwa hiyo ataje dawa zake zote. Aspirini ya dozi ndogo, ambayo hupunguza uwezekano wa kifafa cha mimba kwa baadhi ya akina mama, huandikwa na daktari, usijinunulie.

## Hatua ya 7: Mstari ukilala au mtoto akitulia, nenda na hoja kamili

Nenda wakati huo huo ukiona lolote kati ya haya: mtoto amepunguza kucheza, damu ukeni, maji kuvuja, kichwa kuuma sana, macho kuona giza au nyota, maumivu makali kwenye chembe cha moyo, uso kuvimba ghafla, homa, au degedege. Nukta iliyolala bila dalili hizo inakupa siku mbili au tatu, si zaidi.

Ufikapo, usiseme tu kwamba hujisikii vizuri. Sema hivi: «Nina wiki 34 kwa tarehe iliyothibitishwa wiki ya 10. Nina presha. Mtoto alikuwa mstari wa 40, sasa yuko wa 8, na jioni hii amepunguza kucheza.» Sentensi hizo hufupisha maswali ya nusu saa.

Kama zahanati au kituo cha afya hakina vifaa, omba rufaa mapema kwenda hospitali ya wilaya, Hospitali Teule ya Muheza, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Usiku au wakati wa dharura piga 115. Mama anayekaa mbali, Mkinga ndani au ng'ambo ya mto Pangani, ajisogeze kwa ndugu mjini kabla ya wiki ya 36, na mapema zaidi kama mtoto ni mdogo, maana mvua za masika haziulizi barabara ni ya nani.

Hospitalini watarekodi mapigo ya moyo ya mtoto, watapima maji na mtiririko wa damu, na watalinganisha hatari ya kusubiri na hatari ya kumzalisha mama mapema. Mtoto akitarajiwa kuzaliwa kabla ya wiki ya 34, mama anaweza kuchomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Mtoto mdogo aliyefika wiki ya 37 mara nyingi huwa salama zaidi nje kuliko ndani, kwa hiyo usishangae ukiambiwa uanzishiwe uchungu. Uliza tarehe ya kipimo kinachofuata kabla hujaruhusiwa, na mwenzi au mama mkwe awepo asikie.

## Hatua ya 8: Andika ukurasa wa mwisho siku ya kuzaliwa

Kabla hujatoka wodini, andika uzito wa mtoto kwa gramu, wiki za mimba kwa tarehe iliyofungwa, namna ulivyojifungua, presha yako ya siku hiyo, na lolote mkunga aliloliona kwenye kondo. Mtoto akiwa njiti au mdogo, andika pia siku alizokaa kwenye uangalizi na uzito aliotoka nao.

Daftari hilo lihifadhi pamoja na cheti cha kuzaliwa. Ukishika mimba nyingine, liwe mkononi siku ya kwanza ya kliniki, lifunguliwe ukurasa huo.